Chuma Ndani ya Mkono wa Madame Charline

Wanafunzi wa sekondari, darasa la troisième scientifique, walimpenda Madame Charline kwa sababu hakuwahi kuingia darasani mikono mitupu. Fizikia aliifundisha kwa vitu: leo springi ya kitanda, kesho kioo cha pikipiki kilichovunjika, siku nyingine sufuria na kamba. Shule yao ya mtaa wa Majengo, mjini Goma, haikuwa na maabara. Ilikuwa na kabati moja la mbao, na ndani ya kabati hilo mlikuwa na takataka zote alizokusanya kwa mafundi wa redio na simu kule mtaa wa Birere. Mafundi walishamzoea. Wakimwona anakuja na mfuko wake walicheka, wakasema, "Mwalimu wa vyuma huyo," kisha wakamtolea spika zilizopasuka na mota zilizoungua walizomwekea pembeni.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mchangamfu, mwenye haraka ya kutembea. Alikuwa bado anaishi Katoyi na wazazi wake: Papa Hategekimana, dereva mstaafu wa malori ya kwenda mpakani Bunagana, na Mama Mukashyaka, aliyeuza maharagi na unga mbele ya nyumba. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Katika mtaa ule, ambako kila ua ulijaa watoto, jambo hilo lilisemwa kwa huruma na kwa sauti ya chini. Mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Wageni walipoanza kusimulia habari za Masisi, walikotoka zamani, yeye aliinuka taratibu, akaenda nje kuchambua maharagi yaliyokwisha kuchambuliwa. Charline aliichukulia hiyo kuwa tabia tu, kama vile kuna watu wasiokula samaki.

Fizikia ilimwingia utotoni. Volkano ilipounguza nyumba yao ya kwanza, alikuwa shule ya msingi. Wiki kadhaa baadaye walirudi kutafuta mpaka wa kiwanja chao chini ya mawe ya volkano, na mzee mmoja mpima viwanja akaja na dira. Ile sindano haikutulia. Juu ya jiwe hili ilielekea huku, hatua mbili mbele ikageuka kule, kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mtoto akauliza imepatwa na nini. Yule mzee akamjibu kwamba mawe yale yana chuma, na yalipokuwa yanapoa yaligeuka sumaku ndogondogo, ndiyo maana yanaidanganya dira. Watu wazima walikuwa wanalia juu ya nyumba. Charline alikuwa amechuchumaa anaitazama sindano. Alisoma mpaka akamaliza ISP, chuo cha ualimu, akawa mwalimu, na kila mwaka alipofika kwenye somo la sumaku, alifundisha kama mtu anayekula sikukuu.

Mwaka huo somo hilo liliangukia majira ambayo mabomu ya upande wa Sake yalisikika mpaka mjini. Vioo vya madirisha vilitetemeka, wanafunzi hawakugeuza tena vichwa. Charline alipata kwa fundi mmoja sumaku mbili zilizotolewa ndani ya diski ya kompyuta mbovu. Zilikuwa nyembamba kama biskuti, lakini zikishikana ulihitaji kucha, magoti na dua kuziachanisha.

Asubuhi hiyo alianza kwa kuonyesha kwamba nguvu ya sumaku haizuiwi na kitu kisicho chuma. Aliweka sindano juu ya karatasi, akapitisha sumaku chini yake; sindano ikatembea. Akafanya vivyo hivyo juu ya daftari, juu ya ubao, juu ya kitambaa. Kisha akaweka sindano kwenye kiganja chake, akapitisha sumaku nyuma ya mkono, na sindano ikasimama, ikacheza. Darasa zima likapiga kelele.

"Madame!" aliita Jephté, kijana wa dawati la nyuma ambaye maswali yake yalikuwa nusu akili nusu utani. "Kama inapita kwenye mukono, na damu yetu iko na chuma, juu ya nini haituvute na sisi?"

"Swali zuri," Charline alisema. "Chuma ya damu ni kidogo, tena imefungwa kwa namna ingine. Haivutwi kama musumari. Angalieni."

Akaishika sumaku kwa mkono wa kulia, akaanza kuitembeza taratibu juu ya mkono wake wa kushoto, kutoka kifundoni kwenda juu. "Munaona? Hakuna kitu. Mutu si musumari." Akapita kiwiko. "Hakuna kitu." Akapanda juu, karibu na bega, juu ya mkono wa blauzi yake.

Hapo sumaku ikavutwa.

Haikuvutwa sana. Ilikuwa kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake sokoni. Lakini Charline alijua uzito wa kila kitu alichokishika, na alijua kwamba pale hapakuwa na kitu. Alilegeza vidole. Sumaku haikuanguka. Ilibaki imeng'ang'ania blauzi.

Darasa likaangua kicheko. "Madame eko na pini!" "Madame ni musumari!" Yeye pia alicheka, akaivuta sumaku, akasema lazima ni pini ya kufungia, akawapa zoezi la kuchora mistari ya nguvu za sumaku. Miguu yake ilimpeleka mpaka chumba cha walimu kabla akili yake haijaamua. Alimkuta Madame Julienne, mwalimu wa Kifaransa, anakunywa chai.

"Julienne, niangalilie kama kuna pini hapa."

Julienne alipapasa mshono, akageuza mkono wa blauzi ndani nje. Hapakuwa na pini, wala kifungo, wala waya. Palikuwa na ngozi tu, na kovu la kale lenye kung'aa, ambalo Charline alikuwa nalo tangu alipoanza kujijua. Nyumbani walimwambia kwamba akiwa mdogo aliangukia jiko la makaa.

Charline akasogeza sumaku juu ya kovu, bila nguo safari hii, bila kuigusa ngozi. Ngozi ikainuka.

Iliinuka kama kitambaa kinachosukumwa na kidole kutoka chini, ikaifuata sumaku, ikarudi. Julienne aliangusha kikombe. Chai ikamwagikia madaftari ya watu na hakuna aliyeyaondoa.

"Yesu wangu," Julienne alinong'ona. "Charline, ni nini hiyo?"

 Kwa miaka yote aliyofundisha, Charline aliwaambia wanafunzi kwamba sumaku haina uongo: kama imevuta, kuna kitu cha kuvutwa. Sasa sentensi hiyohiyo ilikuwa inamgongagonga kichwani.

Alasiri hiyo alikwenda kwenye kituo cha afya kupiga radio, ile picha ya mifupa. Aliyehusika na mashine alikuwa Papa Adalbert, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimweka Charline mbele ya mashine, akamwambia ashike pumzi, akaingia chumba cha pembeni. Alipotoka alikuwa na picha mkononi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Bomu ilikupiga wapi, mama?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza umeshuka kituo gani.

"Bomu?"

"Hivi vipande viwili." Alionyesha kwa kalamu. Kandokando ya mfupa kulikuwa na doa jeupe kali, la ukubwa wa punje ya muhindi, lenye ncha zisizo sawa. Juu yake, karibu kabisa na ngozi, kulikuwa na jingine dogo zaidi. "Siku hizi naona vingi, lakini hivyo ni vya juzi. Hivi vyako ni vya zamani sana. Mwili umeshavizungushia ukuta wake. Ulikuwa mutoto?"

"Sijawahi kupigwa na bomu," alisema Charline. "Niliangukia jiko."

Papa Adalbert aliishusha picha. Alimtazama yule mwalimu kwa muda, na uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Mama," alisema kwa upole, "jiko haliachi kitu kama hiki. Nenda uulize nyumbani. Na tafadhali, usisogeze tena sumaku hapo. Hicho kikubwa kiko karibu na mshipa."

Charline alitembea kwa miguu kurudi Katoyi. Motari, wale madereva wa pikipiki, walimpigia honi, wakamwita, akapita. Aliona kila kitu waziwazi kupita kiasi: mawe meusi ya barabarani, mwanamke aliyebeba karai la samaki wa sambaza kutoka soko la Kituku, mtoto aliyesukuma chukudu la mbao la magurudumu mawili lenye mzigo wa makaa. Alijitazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, naye ameombwa kumbebea.

Papa Hategekimana alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anasikiliza redio. Charline alimwekea picha mapajani bila salamu.

"Papa, ni nini hii?"

Mzee aliitazama picha. Hakuhitaji kuelezwa. Alinyoosha mkono kuzima redio, na Charline akaona kidole cha baba yake, kidole kilichoendesha malori kwenye utelezi wa Rutshuru, kinatafuta kitufe na kukikosa.

"Nani amekupa hii?"

"Ni mukono wangu. Mulisema niliangukia jiko. Papa, mulinificha nini?"

"Kaa chini."

"Sikai."

"Charline, mutoto wangu, kaa chini. Maneno hii siwezi kuisema nikikutazama juu."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mzee akaanza.

"Tulikuwa tunakimbia kutoka Masisi. Ile vita ya kwanza. Njia ya Sake ilijaa watu kama mto. Mama yako alibeba sufuria na chakula kichwani. Mimi nilimbeba nyanya yako mugongoni, miguu yake ilikuwa imevimba. Wewe ulikuwa na miaka mbili tu. Ulibebwa na dada yako."

Charline alifikiri amesikia vibaya. "Dada gani?"

"Dada yako. Dative."

Jina hilo halikuwa na mahali pa kutua. Charline alilitafutia uso, sauti, picha ukutani, hakupata. Maisha yake yote amejibu swali la "Uko na ndugu wangapi?" kwa neno moja, bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake. Kanisani, shuleni, kwenye fomu ya kazi: peke yangu. 

"Niko na dada?"

"Ulikuwa naye. Alikuwa na miaka kumi na moja. Hakukuacha hata saa moja. Watu walidhani ni yeye aliyekuzaa." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Bomu ilianguka kando ya barabara. Watu wakatawanyika. Yeye hakukimbia. Alikuvuta kifuani, hivi, akakulalia. Tulipomugeuza, wewe ulikuwa unalia. Yeye hakuwa analia."

 Kuku mmoja alikuwa anaparua taka chini ya ukuta.

"Chuma ilipita kwake," mzee alisema, "halafu ikaingia kwako. Tulikufikisha Goma, daktari akakushona, akasema mutoto atapona. Kwamba kuna kitu ilibaki ndani, hilo hakuna mutu alituambia. Naapa kwa Mungu. Nimeona leo, pamoja nawe."

Charline alikuwa ameshika ule mkono kwa mkono mwingine, akiubana kama unaotaka kutoroka. Kilichompiga hakikuwa bomu wala chuma. Kilikuwa lile neno dogo, *kwake*. Kitu alichokuwa nacho mwilini, alicholala nacho na kuoga nacho, kilipita kwanza ndani ya mtoto wa miaka kumi na moja.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Kwa sababu ya mama yako. Mwaka mzima hakusema neno. Mutu akitaja lile jina tu, anatoka, anashika njia ya Sake, anaenda kumutafuta. Tulimurudisha tukachoka. Nyanya yako akasema: jina hili lisitamkwe nyumbani mupaka Mukashyaka mwenyewe alitamke. Tukangojea. Nyanya yako amekufa tunangojea. Mimi nimezeeka, ninangojea."

"Dative," ilisema sauti nyuma yao.

Mama Mukashyaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na karai la maharagi mikononi. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Mzee aliinuka nusu, kama mtu anayetaka kudaka kitu kinachoanguka, lakini mama hakuanguka. Aliliweka karai chini. Alikuja mpaka kwa binti yake, akapandisha mkono wa blauzi, akaweka kiganja juu ya kovu.

"Ni hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Kiko ndani tangu siku ile?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa ninakuogesha kila siku," mama alisema. "Kila siku, Charline. Ninapitisha sabuni hapa. Ninapitisha sabuni juu yake."

Ndipo alipolia. Haikuwa kwikwi ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ndefu, ya chini, ambayo majirani waliisikia wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Mzee aliwaambia kwamba ni kweli, kuna msiba, ila ni wa zamani. Hawakuelewa, lakini walikaa. Mmoja alileta chai.

Charline hakwenda shule kwa muda. Alipolala aliamka akiwa ameushika mkono. Mama yake naye alitembea ndani ya nyumba kama mgeni, akigusa viti. Baba na binti walimchunga kwa macho, wakihofia njia ya Sake, hasa kwa kuwa siku hizo huko Sake hapakuwa mahali pa kwenda. Hakutoka. Alilitamka lile jina mara mojamoja, peke yake, kama anayejaribu kiatu kipya.

Alipoingia darasani tena, habari zilikuwa zimeshatangulia kutoka kwa majirani na chumba cha walimu; kelele zilikatika kama taa. Jephté alisimama bila kuitwa.

"Madame, nisamehe. Mimi njo niliuliza lile swali."

"Swali lilikuwa zuri, Jephté. Nilikuambia siku ile. Kaa."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya sumaku ya umeme. Alizungusha waya wa shaba kwenye msumari mkubwa, akaunganisha ncha zake kwenye betri ya tochi. Msumari ukaokota pini. Akatoa waya, pini zikamwagika mezani. Akaunganisha tena. Aliwaeleza kwamba umeme ukipita katika waya unazaa nguvu ya sumaku, na kadiri unavyoongeza mizunguko ndivyo nguvu inavyoongezeka. Aliipenda sumaku hiyo siku hiyo kuliko zote, kwa sababu ungeweza kuizima.

Kengele ilipolia, wanafunzi hawakutoka. Walisimama. Mbele yao alikuwa Bénie, msichana mkimya aliyeketi karibu na dirisha.

"Madame, ile sumaku ya diski iko wapi?"

"Juu ya nini?"

Bénie alipandisha sketi kidogo juu ya goti. Palikuwa na kovu kubwa lenye kukunjamana. "Nyumbani wanasema niliungua. Sasa sijue." Nyuma yake mwingine akaonyesha shingo, mwingine kisigino. "Tupimie, Madame."

Charline aliwatazama.  Hakuwa amefikiri kwamba kila mtoto aliyekuwa amecheka asubuhi ile alirudi nyumbani na kuanza kuyatilia shaka makovu yake. Aliona watoto ambao wazazi wao walitoka Rutshuru, Beni, Kitshanga, kila mmoja na hadithi yake ya jiko, ya uji, ya kuanguka mtini. Na ni yeye aliyewafundisha kwamba sumaku haina uongo.

"Hapana," alisema. "Sumaku si ya kupima watu. Kama kuna kitu ndani, inaweza kukisogeza, ikuumize. Mwenye kutaka kujua, aulize kwanza kwao. Na kama bado ana wasiwasi, mimi nitamusindikiza kwa Papa Adalbert."

Bénie peke yake ndiye aliyekuja. Mama yake pia alikuja, amekasirika na kuogopa kwa pamoja, akirudia njiani kwamba ulikuwa uji, uji wa mtama, sufuria ilipinduka. Papa Adalbert aliinua picha kwenye dirisha. Mifupa ilikuwa safi. Hapakuwa na doa. Ulikuwa uji kweli. Bénie alijifunika uso, akalia mpaka mabega yakamcheza, na mama yake akamkumbatia huku akimgombeza.

Daktari wa upasuaji alimwambia Charline kwamba kile kidogo cha juu kinaweza kutolewa kwa kazi fupi, lakini kikubwa kiachwe, maana kimekaa pabaya. Akakubali. Alipomaliza kushona, daktari alimwonyesha kipande hicho ndani ya bakuli: cheusi, kikavu, si kitu cha kutisha mtu. Alimuuliza kama anataka kukichukua. Charline alimgeukia mama yake aliyeketi kando ya kitanda.

"Usinionyeshe," Mama Mukashyaka alisema. "Nyumbani kwangu hakiingii."

Wakakiacha hapohapo.

Jambo ambalo mama alilitaka lilikuwa moja. Alikwenda mwenyewe parokiani, amevaa kitenge chake cha Jumapili katikati ya juma, akaomba misa. Wakati wa nia za misa, padri alisoma majina ya marehemu, na katikati yao akasoma: "Dative, binti wa Hategekimana na Mukashyaka." Charline alishtuka tena, ingawa alilingojea jina hilo; halikuwa limewahi kusikika mbele za watu tangu yeye awe na akili. Mzee aliinamisha kichwa. Mama alibaki amesimama wima, na watu walipoitikia, sauti yake ilisikika.

Waliporudi nyumbani, Charline aliweka mboga motoni. Mama alikaa kwenye kigoda, kisha akasema, bila kuulizwa, "Alikuwa anaogopa bata."

"Nani?"

"Dative. Ng'ombe hakumwogopa, na pembe zake zote. Lakini bata! Jirani yetu mmoja alikuwa na bata dume, mukubwa, mweupe. Siku moja tumemutuma maji…"

Mama aliinuka kutoka kigodani. Alikunja kitenge magotini, akanyoosha shingo, na kuonyesha jinsi bata alivyokuja, kisha jinsi mtoto alivyotupa ndoo na kukimbia, mikono juu. Papa Hategekimana alitokea mlangoni, akashika kizingiti, akaanza kucheka bila sauti, machozi yakimtiririka.

"Na ndoo?" Charline aliuliza. "Ndoo ilienda wapi?"

"Ngoja," mama alisema. "Ngoja nikuambie."

Mboga ziliungua, na hakuna aliyekwenda kuziepua.